TAHADHARI: Anayeuza "laina ya oksijeni" hapa mjini ni mwizi

Wenzangu wa miguu ya bandia, huyu jamaa wa begi jeusi anayeuza laina, ile soksi ya silikoni tunayoivalisha kigutu kabla ya kuvaa mguu, bado anazunguka. Mimi ameshanila 18,000.

Alinikuta nimepumzika kwenye ngazi za jengo moja pale Luthuli Avenue, Nairobi. "Pole mama, huo mguu unakuchoma, naona unavyochechemea." Kweli ulikuwa unachoma, na laina yangu ya zamani mnajua ilivyochoka. Akatoa laina ya buluu, akasema ina vitundu vinavyoingiza oksijeni kwenye kigutu, eti silikoni ya kawaida inanyonga nyama. Kisha akatoa kile kimashine cha kubana kidole na kupima oksijeni tulichokizoea wakati wa Korona. Akanibana: 93. Akanivalisha laina, huku ananisugua vidole na kuniuliza habari za watoto, akabana tena: 98! Namba zinawaka mbele ya macho yangu, koti jeupe amevaa, mifupa anaitaja mmoja mmoja. Nani asingeamini? Nikatuma M-Pesa papo hapo, na ya kutolea juu.

Jumapili kanisani nikashindwa kusimama. Kuvua laina, ncha ya kigutu imekuwa zambarau, na malengelenge pembeni.

Fundi wangu wa kliniki alisonya tu. Kimashine kile kinasoma damu ya kidoleni. Kidole kikiwa baridi kinaweza kusoma chini, ukikisugua namba inapanda. Habari za kigutu hakizijui hata kidogo! Nyama ya kigutu inaletewa oksijeni na damu, si vitundu. Laina ikikaba juu na kuacha nafasi chini, damu inakwama, ngozi inageuka rangi. Wenye kisukari mnaweza msihisi hata maumivu, mkaja kushtukia kidonda.

Na huyu mshenzi hakunipima hata kwa kamba! Fundi hupima mzunguko wa kigutu, sentimita 4 kutoka ncha, ndipo achague saizi. Ile ya kwake mahali pa namba ya saizi pamekwanguliwa, nadhani ilishavaliwa na mtu. Risiti hakuna. Jina lililotokea kwenye M-Pesa ni la mwanamke.

Mtu wa kuibia walemavu afungwe Kamiti, na hiyo laina yake avalishwe shingoni tuone oksijeni itapita wapi! Polisi nimeshaandikisha, namba ya OB, kitabu chao cha matukio, ninayo. Nani mwingine ameliwa? Niandikieni inboksi, twende kituoni pamoja, maana mmoja mmoja wanatuambia "njoo kesho".