Arizona na mbwa: tulikopita, tulikozuiwa na nisikorudi tena

Kabla hujampakia mbwa garini uende kutalii Arizona, uliza kwanza ardhi unayokwenda kuikanyaga ni ya nani. Miamba inaweza kuwa ileile myekundu na jua lilelile, lakini ukivuka kibao kimoja tu cha mbao, mbwa aliyekuwa mgeni halali anageuka mvunja sheria na wewe unaandikiwa faini. Ninaishi Phoenix na mbwa wangu, Bosco, na tumelizunguka jimbo hili kusini na kaskazini. Hilo la ardhi ya nani limenisumbua karibu sawa na joto lenyewe.

Wanairobi watanielewa haraka. Karura mbwa anaingia, mradi ana kamba shingoni. Nairobi National Park, hata umfiche kwenye mkoba, mtageuzwa langoni. Karura iko chini ya idara ya misitu, ile nyingine chini ya watu wa wanyamapori. Arizona mambo ni hayohayo, ila wenye ardhi ni wengi zaidi. Serikali kuu ina hifadhi za taifa na misitu ya taifa, jimbo lina hifadhi zake, miji ina zake, na wenyeji asilia kama Wanavajo wana ardhi yao na sheria zao. Kwa kifupi, misitu ya taifa ndiyo yenye moyo mkunjufu kwa mbwa, na hifadhi za taifa ndizo zenye roho ngumu. Lakini kuna hifadhi moja iliyonishangaza, nitaifikia.

Nianze na Grand Canyon, lile korongo kubwa, maana ndiyo kila mtu anaiulizia. Upande wa kusini, South Rim, mbwa anaruhusiwa kwenye njia zote za juu ya ukingo, kwa kamba isiyozidi futi 6, yaani chini kidogo ya mita 2. Njia ya ukingoni, Rim Trail, ina kilomita 21 hivi na si ya kupanda sana. Ukiamka mapema unaipata bado ina ubaridi, korongo upande mmoja, misonobari upande wa pili, mbwa ananusa kila kisiki. Kushuka bondeni ni marufuku kwake. Bright Angel na South Kaibab, zile njia za kwenye picha, ni za watu na nyumbu wa mizigo tu.

Wasichokwambia ni habari ya mabasi. Mbwa hapandi basi la bure la hifadhi, na barabara ya Hermit Road hufungiwa magari binafsi kuanzia Machi hadi mwisho wa Novemba. Ukiwa na mbwa miezi hiyo, kila hatua utakayokwenda kwa miguu utairudi kwa miguu. Kuna banda la kuwaachia mbwa ndani ya hifadhi, unaweka nafasi mapema na unakuja na cheti cha chanjo. Sisi hatukulitumia. Mke wangu alishuka Bright Angel kwanza, mimi nikabaki juu na Bosco kivulini, halafu tukabadilishana zamu. Ilifaa, ila si matembezi ya familia hayo. Ni ulinzi wa zamu. Kwa binadamu Grand Canyon haina mpinzani. Kwa mbwa naiweka katikati.

Sasa mahali ambapo hakuna mtu ameniuliza: Petrified Forest, yaani msitu uliogeuka jiwe, mashariki, baada ya mji mdogo wa Holbrook. Nayo ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo nilijiandaa kuambiwa "hapana". Kumbe mbwa mwenye kamba anaruhusiwa kwenye njia zote, hata maeneo ya nyika yaliyo mbali na barabara. Niliisoma sheria, nikairudia, nikamuuliza askari wa hifadhi, akacheka, akasema nendeni tu.

Ni magogo ya zaidi ya miaka milioni 200, yaliyofukiwa na mashapo ya mito wakati huu ulikuwa ukanda wa mabwawa na mvua, na maji yenye madini yakabadilisha mbao kuwa jiwe punje kwa punje. Ukisogea karibu unaona magome, mafundo ya matawi, mahali gogo lilipokatika. Ukiweka kiganja, ni baridi na gumu, na pale lilipopasuka ndani kuna rangi za damu ya mzee, haradali na zambarau. Bosco alilinusa moja kwa makini, akazunguka mara mbili, akaanza kuinua mguu. Nilimvuta. Gogo limevumilia milima kuzuka, halistahili kumalizikia hapo.

Njia ya Blue Mesa ni kama kilomita moja na nusu tu, inazunguka kwenye vilima vyenye mistari ya buluu na kijivu, mteremko wa mwanzo ni mkali kidogo kwa mbwa mzee. Upande wa kaskazini ndiko kwenye Painted Desert, na kando ya barabara kuna gari kuukuu aina ya Studebaker la 1932 lililowekwa mahali ilipopita Route 66, ile barabara kuu ya zamani. Hakuna kambi ya kulala kwa gari na geti hufungwa jioni, kwa hiyo panga kulala Holbrook. Usiokote hata kijiwe, ni kosa. Tulikaa kutwa nzima na sikusikia mtu hata mmoja akisema "samahani, mbwa haruhusiwi". Kwa kusafiri na mbwa, hapa ndipo namba moja Arizona nzima.

Sedona ni somo zuri la ile habari ya ardhi. Miamba myekundu iliyouzunguka mji iko ndani ya Coconino National Forest, na mbwa anakwenda karibu kila mahali akiwa na kamba. Unalipia kibali cha kuegesha, dola 5 kwa siku, unakiweka kwenye dashibodi. Lakini Red Rock State Park, yenye jina linalokufanya udhani ndiyo yenyewe, haipokei mbwa kabisa, na Slide Rock, pale watu wanapoteleza majini, mbwa haingii eneo la kuogelea. Tulichokipenda ni njia ya West Fork kwenye korongo la Oak Creek. Ina kivuli, na inavuka kijito zaidi ya mara kumi, kwa hiyo mbwa anajipoza mwenyewe bila kuombwa. Tulikwenda na rafiki yangu wa Lamu, Mwislamu mwenye msimamo wake. Akaniambia kwenye kivuko cha kwanza, "Ndugu yangu, wewe na mbwa wako tangulieni, mkishatikisa maji nitafuata." Tukaenda hivyo hadi mwisho, hakuna aliyenuna.

Mji wa Page, kaskazini, nisingekwenda tena na mbwa. Horseshoe Bend, pale mto unapopinda kama kiatu cha farasi, anaruhusiwa, matembezi ni kilomita mbili na nusu kwenda na kurudi, ila kivuli ni haba na ukuta wa mwamba unaporomoka mita 300 hadi mto Colorado, na uzio uko sehemu ndogo tu. Kamba fupi, tafadhali. Antelope Canyon, korongo jembamba ambalo ndilo sababu ya watu wengi kufika huko, liko kwenye ardhi ya Wanavajo, unaingia na mwongozaji wao, na mbwa wa kawaida haendi. Na huwezi kumwacha garini. Tangu 2017 sheria ya Arizona inamkinga mpita njia anayevunja kioo cha gari kumwokoa mnyama anayekaribia kufa kwa joto, akifuata masharti. Watu huku hawasiti.

Phoenix yenyewe ni habari ya majira. Kuanzia Novemba hadi Machi ni pepo. South Mountain, hifadhi ya jiji ya zaidi ya ekari 16,000, ina njia za kila aina. Lost Dutchman, hifadhi ya jimbo upande wa mji wa Apache Junction, inakupeleka hadi miguuni pa milima ya Superstition, na mbwa anakaribishwa kwa kamba. Mlima wa Camelback usijisumbue, mbwa amekatazwa mwaka mzima, na njia ya kileleni ya Piestewa Peak vilevile. Halafu linakuja joto. Mwaka 2023 mji huu ulipata siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 Selsiasi au zaidi. Tangu 2016 jiji limepiga marufuku mbwa kwenye njia zake za milimani joto likifika nyuzi 100 za Farenhaiti, kama 38 za kwetu. Mimi binafsi naacha kabla ya hapo. Lami ina joto kali kuliko hewa: weka mgongo wa mkono chini, ukishindwa kuhesabu hadi saba, mbwa asikanyage. Viatu vya mbwa vipo madukani. Bosco kwanza alitembea navyo kama mtu aliyekanyaga gundi, sasa vikitolewa tu kabatini anajipanga mlangoni.

Miiba ndiyo iliyonifundisha kubeba vifaa. Kuna dungusi anayeitwa cholla. Vipande vyake vinavyofanana na mpira vinang'oka kwa kuguswa tu, na kila mwiba una vijino vinavyotazama nyuma, vinaingia kirahisi na kutoka kwa vita. Kimoja kilimpata Bosco kwenye unyayo karibu na Tucson. Usishike kwa mkono, kitahamia kwako. Usimwache alambe, kitahamia mdomoni. Unachukua kitana chenye meno mapana, unakiingiza kati ya mpira na ngozi, unarusha mbali kwa mkupuo mmoja, halafu miiba iliyobaki unaitoa na koleo ndogo mmoja mmoja. Kitana changu hakitoki mkobani tena.

Huko Tucson, Saguaro National Park, licha ya wale dungusi wakubwa wa kwenye filamu, ina njia mbili tu fupi za lami ambapo mbwa anaruhusiwa. Catalina State Park, jirani tu, ni nzuri zaidi, lakini ukifika mpaka wa nyika ya Pusch Ridge mbwa anaishia hapo, kwa ajili ya kondoo-mwitu wa milimani. Njia inaendelea, mbwa haendelei.

Vitu vingine nitavitaja harakaharaka. Nyoka wenye njuga mkiani wapo, hasa jioni za joto. Kamba fupi inatosha kuepusha mengi. Msimu wa mvua za Julai hadi Septemba kuna chura mkubwa wa jangwa mwenye sumu kwenye ngozi, mbwa akimng'ata ni dharura, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Na vumbi la huku lina kuvu inayoleta ugonjwa unaoitwa Valley Fever, kwa watu na kwa mbwa. Mbwa akikohoa wiki kadhaa baada ya safari, mwambie daktari alikuwa Arizona, la sivyo mtapoteza muda.

Kiangazi kikikubana, panda Flagstaff. Ni mwendo wa saa mbili na kidogo, unatoka mita 330 hadi mita 2,100, unaacha dungusi unakuta misonobari, na usiku unatafuta sweta. Msitu wa pale ni ule ule Coconino wa Sedona, sheria zile zile za kamba. Hatuna mahali pengine pa Julai.

La mwisho ni malazi. Hoteli moja ya barabarani iliandika mtandaoni kwamba mbwa wanakaribishwa. Tulipofika usiku, mapokezi wakadai ada ya usafi ambayo haikuwa popote kwenye nafasi tuliyoweka, tena kwa kila usiku, na chumba tulichopewa kilinuka sigara. Tulilipa kwa sababu watoto walikuwa wamelala. Mama yangu kule Kakamega aliposikia, akauliza, "Mbwa analipiwa chumba? Na huko nyumbani kwenu nani amebaki kulinda?" Nilishindwa kumjibu. Siku hizi napiga simu kabla ya kulipa, nauliza mambo matatu: ada ni kiasi gani, ni kwa usiku au kwa safari nzima, na kuna kikomo cha uzito wa mbwa. Jibu walitume kwa barua pepe.