Mkufunzi wa mpango mkakati: alichelewa, ila mkasi wake ulitusaidia

Mpango mkakati wa usharika wetu wa Kilutheri, wa miaka 5, ulikuwa umelala kabatini tangu uzinduliwe kwa mbwembwe. Baraza la wazee likaamua kuleta mkufunzi wa kulipwa kwa siku 2. Mimi, katibu wa kamati ya ujenzi, nilienda shingo upande.

Alichelewa saa nzima, na maandishi aliyorusha ukutani yalisomeka kwa waliokaa mbele tu. Hapo nampa sifuri. Ila mchana alitoa mkasi. Akaukatakata mpango wetu mstari kwa mstari, akamwaga vipande mezani: kila kamati ichukue chake, iandike nyuma jina la mhusika, tarehe, na fedha zitatoka wapi. Paa la nyumba ya mchungaji tuligombania sisi na kamati ya uwakili (inayoshughulikia matoleo). Kipande cha "Kuwatembelea wagonjwa" kikabaki pale hadi chai ikapoa. Mwishowe mama mmoja wa diakonia (huduma kwa wahitaji) akakitia kwenye pochi, kimya.

Bei ya mkufunzi ni kubwa kwa usharika mdogo (tulichangishana). Lakini kikao cha juzi mwenyekiti hakuuliza "tumefikia wapi?" Aliita majina. Nikajiumauma, maana makadirio ya bati sikuwa nayo.