Protekta ya UV Kariakoo: kioo kimepona, spika imezikwa

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo nikipanda na kushuka mnivumilie. Simu yangu inawaka, kioo chake hakina hata mkwaruzo, na bado nikifika mtaa ule navuka barabara nisije nikamkaba mtoto wa watu. Kijana wa protekta Kariakoo, kwenye ile mitaa ya simu ya kuanzia Aggrey kwenda mbele, aliniwekea protekta ya UV akaizika spika yangu ya kusikilizia kwa gundi. Nilipomrudia akaniambia nikasafishe masikio.

Masikio yangu. Mbele za wateja wake na muuza kahawa.

Kwanza mjue kwa nini mtu mwenye akili timamu anatoa elfu ishirini na tano kwa kipande cha kioo wakati jirani yake amebandika cha elfu tatu. Simu yangu ni Infinix ya kioo kilichojikunja pembeni, zile zinazopendeza dukani na kukutesa nyumbani. Mwenye kioo bapa ana raha zake: protekta yoyote ya elfu tatu, elfu tano, inakaa, ikipasuka anatupa anaweka nyingine. Hizi za kujikunja hazitaki hivyo. Protekta ya kawaida inashika kingoni tu, katikati inabaki hewa. Ukigusa kioo hakiitiki, alama ya kidole haisomi, na haipiti muda vumbi la Dar limeshajipenyeza humo ndani. Kuna ile ya plastiki laini inayokatwa na mashine, inakaa vizuri na mikwaruzo inazuia, ila simu ikidondokea uso haikusaidii kitu cha maana. Na kioo cha simu hizi kikienda, kimekwenda chote pamoja na disple yake. Fundi niliyemuuliza alinitajia laki mbili na nusu, na hapo alidai ananionea huruma.

Ndiyo nikaenda kwenye UV. Wazo lenyewe halina kasoro, nalitetea hadi leo. Wanamwaga gundi ya majimaji juu ya kioo, wanalaza protekta, gundi inasambaa inajaza kila upenyo, kisha wanaimulika kwa taa ya zambarau inaganda. Hewa hakuna, kidole kinasoma, tachi laini. Lakini gundi ya maji ni maji, itakwenda kokote penye njia, na pale juu ya kioo kuna kijiupenyo chembamba cha spika unayoweka sikioni. Ndiyo maana kabla ya kumwaga chochote anayebandika anatakiwa azibe pale kwa selotepu, ailaze simu sawasawa, aiache gundi itambae yenyewe taratibu.

Wangu aliipasua pakiti ya spiriti kwa meno. Akafuta kioo, akapuliza kwa mdomo, na feni ya meza pembeni yake inapuliza vumbi la mtaa mzima kuja kwetu. Selotepu ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu, imening'inia kwenye msumari. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, hapo juu huzibi?" Akanijibu bila kuniangalia, "Dada ondoa shaka, mimi nabandika simu za mawaziri." Saa ileile jirani yake wa meza ya chaja akatamka neno kuhusu Yanga, na hapo nikawa nimeshampoteza. Chupa ya gundi mkononi, shingo imegeuka, anabishana penalti ilikuwa halali au si halali. Anabisha huku anakamua. Tone likawa dimbwi, dimbwi likafika kingo, likaanza kushuka. Aliposhtuka akalaza kioo harakaharaka, akakikandamiza kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda juu. Kwenda juu! Kule kwenye spika! Gundi iliyozidi akaipangusa kwa kitambaa alichokuwa amekikalia.

Akawasha taa, akarudi kwenye penalti yake.

Boksi la protekta lilikuwa na picha ya nyundo, limeandikwa 9H na 21D kwa herufi za dhahabu. Alinisomea ile 9H kwa fahari kweli. Jamani, 9H ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti wanakwaruza nazo, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye seti ile. Sasa nani anatembea na penseli za kuchorea ramani kwenye pochi? Pochi yangu ina funguo, sarafu na mchanga wa Coco Beach usioisha, na ndani ya mchanga kuna chembe ngumu kuliko kioo. Zitaikwaruza hiyo 9H na bibi yake. Hiyo 21D ndiyo kabisa. Walau 2.5D inaelezea kingo zilizoviringwa, hizo nyingine kubwakubwa ni wauzaji wanashindana kuhesabu. Mwaka 2016 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walizima simu feki nchi nzima, na kabla ya hapo ulibonyeza *#06# ukapata namba ya kuhakikia simu yako. Protekta huibonyezi popote ujue kama ni feki. Unamtazama kijana usoni, basi.

Jioni mama akapiga kutoka Muheza. Mama hapigi ovyo, akipiga kuna jambo. Sauti yake ikaja kama yuko ndani ya mtungi. Nikasema mtandao. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya nyumba, bado yumo mtungini. Akapiga dada yangu, vilevile. Wakapiga wale wa mikopo ya simu, hao sikulalamika. Nikachukua simu ya mtoto nikamulika tochi pale juu: kwenye upenyo kuna kitu kinang'aa, kigumu, kimejaa kutoka upande huu hadi huu, ncha ya pini inateleza juu yake.

Toka hapo kila anayenipigia nampokea kwa sauti ya nje. Daladala zima la Mbagala linajua mdogo wangu wa kiume anasuasua kumalizia mahari, na konda ameshatoa ushauri wake.

Nilirudi Kariakoo kwa upole, nawaapia. Nilisalimia, nikauliza habari za kazi. "Salama dada, karibu, nikupatie kava?" Nikamweleza. Akachukua simu akaiweka sikioni, hakuna aliyepiga, akasema, "Mbona iko poa?" Nikamwambia, "Kaka, hapo unasikia nini na hujapigiwa?" Akajipigia kwa simu yake, amesimama katikati ya honi za bajaji na spika ya muuza dawa ya panya, akatingisha kichwa ameridhika. Ndipo akasema, kwa sauti ya juu kuliko iliyohitajika: "Dada, simu haina tatizo. Kasafishe masikio, yatakuwa yamejaa nta."

Watu wakacheka. Yule wa chaja akapiga meza. Muuza kahawa alicheka mpaka vikombe vikagongana mkononi.

Nikataka pesa yangu. Akaninyooshea kidole kwenye kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia kioo sirudishi, kioo nimekipenda, narudisha gundi iliyomo kwenye spika, hiyo sikuinunua. Akaniomba risiti. Yeye, ambaye siku ile aliingiza noti zangu kwenye soksi, leo ananiomba mimi risiti! Nilipomwambia hivyo akasema, "Mama, usinizuilie wateja," akanigeuzia mgongo, akaanza kumbandikia mtu mwingine. Selotepu bado iko kwenye msumari.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Xiaomi mwaka 2024 waliwaonya wateja wao wa India kuhusu protekta hizihizi za gundi ya maji: gundi inaweza kuingia kwenye vitufe na spika, na waranti yako ikaenda na maji. Kampuni kubwa inayotengeneza simu inajua. Mimi peke yangu ndiye mwenye nta.

Kwa hiyo hukumu ilikuwa tayari kichwani: UV ni utapeli, msiguse, nyota sifuri. Ningeandika wiki ile mngeisoma hivyo mkaishia hapo.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kinachoniudhi zaidi. Kituo cha Mwendokasi Magomeni, saa ya watu kutoka kazini, mlango unafunguka, wa ndani hawajashuka na wa nje wameshaingia. Mtu alinipiga kiwiko, simu ikanitoka, ikaenda chini kwa uso. Zege tupu. Mlio wake wote mnaujua. Nilipoigeuza niliona ufa umetoka kona ya chini hadi katikati, na matawi yake. Kwa vile UV haiachi hewa, ufa wa protekta unaonekana uko kwenye kioo chenyewe, huwezi kutofautisha kwa jicho wala kwa ukucha. Nilijua laki mbili na nusu imekwenda. Abiria mmoja mama akaniambia, "Pole mwanangu," kwa namna ya msibani.

Fundi niliyempata safari hii yuko Sinza, mtu mzima, haongei. Aliipasha simu joto kwenye kibao chake, akachomeka kadi nyembamba ya plastiki kona moja, akaisukuma pole pole, anapasha tena, anasukuma tena. Mpaka nikasinzia kwenye benchi. Aliponiita protekta ilikuwa mezani vipandevipande, na chini yake kioo cha simu kinang'aa. Kizima. Hakuna hata alama. Nilikipitisha kidole mara nyingi mpaka akanitazama.

Protekta ya yule kijana mjinga, iliyobandikwa na mtu aliyekuwa anabishana penalti, ilipokea pigo lote ikafa yenyewe. Elfu ishirini na tano imeniokolea laki mbili na nusu. Nimejitahidi sana kuichukia hesabu hii nikashindwa. Basi kile kioo nakipa nyota nne, tena za haki, na ile taa ya zambarau nayo naiheshimu.

Lakini subiri. Fundi akachukua kava langu, lile jembamba linaloonyesha mgongo wa simu, akalilaza mezani na simu ndani yake, uso chini. Kioo kikagusa meza. "Unaona? Kava lako kingo zake zimelingana na kioo. Ikianguka kwa uso, kioo ndicho kinachotangulia." Akatoa lingine droo ya pili, la mpira mgumu, kona zimevimba, kingo zimenyanyuka kidogo kupita kioo. Akalaza uso chini, ukapita mwanga katikati ya kioo na meza. Elfu nane. Kwamba lingekuwa hili siku ile, pengine hata ile protekta isingepasuka. Na lile jembamba mjue nilipewa na nani: kijana yuleyule wa Kariakoo, "zawadi ya dada mrembo," ili ninyamaze nisiulize kuhusu selotepu. Nyota moja nairudisha. Zimebaki tatu.

Nikalipa elfu kumi na tano ya kubanduliwa. Kuhusu spika, fundi alisema gundi ikishaganda mle haichokonolewi, afungue simu abadilishe spika nzima, na simu ikishafunguliwa haahidi kwamba itazuia maji kama ilivyokuwa kabla haijaguswa. Elfu arobaini. Jumlisheni wenyewe: ishirini na tano, kumi na tano, arobaini. Hiyo ndiyo protekta ya bei nafuu. Nyota mbili. Na nikikumbuka vile vikombe vya kahawa vinavyogongana, moja.

Spika sijabadilisha, pesa hiyo ina kazi nyingine. Kwa sasa nimeweka ile plastiki ya kukatwa na mashine pamoja na kava la kona nene, na limeshaanguka ngazini mara kadhaa likadunda tu. Shoga zangu wanacheka, wanasema nimebeba tofali. Shoga yangu mmoja mwenye simu ya kioo bapa ananicheka kuliko wote: yeye ananunua protekta za elfu tatu, anafungulia maji ya moto bafuni mvuke ulaze vumbi, anabandika mwenyewe kwa dakika chache na haombi ushauri wa mtu. Huyo ndiye anayejua kutumia pesa, simu yake bapa na moyo wake bapa.

UV kama UV sikatazi tena, ingawa nusu saa iliyopita nilikuwa nakataza. Kama kioo chako kimejikunja na unaitaka, simama juu ya kichwa cha anayebandika. Asipoziba spika kwa selotepu ukaiona kwa macho yako, nyang'anya simu yako uondoke, hata kama ameshafuta kwa spiriti. Asikandamize. Na feni izimwe.

Na kama kuna fundi anayeweza kuitoa gundi iliyoganda bila kubadilisha spika, naomba mnielekeze, nitamfuata hata Gongo la Mboto. Ila kabla sijampa simu aniambie kabisa kwamba hashabikii timu yoyote.