Darubini ya Raskazone, nimeenda na nimeiona Jupita

Wale mlioniuliza kuhusu yule mzee anayeweka darubini ufukweni Raskazone, Tanga, wikiendi, nimeshaenda jumamosi, mimi na mpwa angu yuko form two. Mtu mzima buku tano, mtoto buku mbili.

Nianze na kilichoniudhi. Foleni tumesimama karibu saa nzima na mbu wa pale mnawajua, alafu miguu ya darubini inayumba, ukiigusa kidogo tu Jupita imeshatoka inabidi umwite mzee aitafute tena. Hilo alirekebishe.

Ila ukishaipata!! Kiduara cha rangi ya maziwa, mistari miwili ya kahawia katikati, na pembeni vinukta vinne vimejipanga kama karabai za wavuvi wa dagaa ukiziangalia toka nchi kavu. Hiyo ndo miezi yake ile Galileo aliiona 1610. Mpwa angu hakutaka kutoka, watu nyuma wakaanza kulalamika.

Na maelezo sasa, hapo ndo hela yangu ilipokwenda. Mzee alimwaga pumba kwenye sinia, akasema hili ni vumbi na gesi lililozunguka jua likiwa changa, miaka kama bilioni 4.6 iliyopita, akaweka ndimu, hiyo ndo Jupita, akaizungusha taratibu mpaka ikachimba mfereji, pumba za nje huku, za ndani kule. Kumbe Jupita (wazee wetu Mshtarii) inakadiriwa iliwahi kuzaliwa kuliko sayari zote, kiini chake kilishakuwa kikubwa ndani ya miaka kama milioni moja tu, na wamelijua hilo kwa kupima vimondo vilivyoanguka huku duniani, viko vya makundi mawili ambayo hayakuchanganyika, yaani kulikuwa na kitu kimekaa katikati kinazuia. Uzito wake ni Dunia 318 jamani, kitapita nini hapo?

Akatuonyesha na picha ya 2014 ya darubini ya ALMA iliyoko Chile, nyota changa ina mapete mapete na mapengo, wengi wanaona yamechimbwa na sayari zinazozaliwa. Ule mfereji wa kwenye sinia kabisa.

Mpwa akauliza, "Shikamoo babu, sasa mbona Mirihi ndogo?" Maana kwa uzito ni kama sehemu moja ya kumi ya Dunia. Mzee akamwambia marahaba mjukuu wangu, iko nadharia kwamba Jupita ilisogea ndani kuelekea jua ikafagia malighafi ya pale, alafu Zohali ikairudisha nyuma, Mirihi ikaambulia makombo, ila akasisitiza bado wanabishana, asije akaiandika kwenye mtihani kama jambo lililothibitishwa. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Mkienda wahini kabla ya isha, bebeni mkeka na dawa ya mbu, na kama hajatoa sinia mwombeni, maana siku yenye watu wengi huwa anairuka.