Springi za Pikapu ya Kuvuta Trela: Kabla ya Kununua, Chungulia Valvu ya Breki

Mwaka jana nilifungiwa mifuko ya hewa juu ya ekseli ya nyuma ya Hilux yangu kuukuu hapa Nakuru, nikiamini kwamba nimemaliza tatizo la gari kukaa chini upande wa nyuma kila ninapovuta trela la viazi kutoka Molo. Kweli gari lilisimama sawa hata trela likiwa limejaa. Wiki ya tatu, nikiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa huku mvua ikinyesha, nilikanyaga breki, pua ya gari ikazama, magurudumu ya mbele yakateleza na trela likaanza kunisukuma. Namshukuru Mungu hapakuwa na gari mbele yangu. Nilipofika gereji, breki za mbele zilikuwa bado zinanuka, na fundi aliyelala chini ya gari alinionyesha kijiti cha chuma, akasema: "Mama, waliokufungia hewa hawakugusa hiki. Breki zinadhani gari ni tupu."

Kijiti hicho ndicho sababu ya mimi kuandika mwongozo huu. Kwenye Hilux nyingi za zamani, na kwenye pikapu nyingine nyingi za rika lake, kijiti hicho kimeunganisha ekseli ya nyuma na valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesi. Gari likipakiwa mzigo, bodi hushuka, kijiti huisukuma valvu, na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, bodi hupanda na nguvu hiyo hupunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Sasa ukiweka kitu chochote kinachozuia bodi isishuke, iwe ni hewa, raba au bamba la ziada (chuma bapa cha springi), valvu haina njia ya kujua kwamba umebeba kilo 600. Breki za mbele hubebeshwa kazi kupita kiasi, nawe hutagundua lolote barabara za mjini. Utagundua mteremkoni.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, chungulia chini ya gari lako. Ukikiona kijiti, mtake fundi airekebishe valvu kwa vipimo vya mtengenezaji wa gari baada ya kufunga springi, au ahamishe kishikio chake kwa kiasi kile kile ambacho gari limeinuka. Magari mengi mapya hugawa nguvu za breki kwa kompyuta na hayana kijiti, lakini usikubali kuambiwa hivyo na muuzaji, tazama mwenyewe.

Jambo la pili linahusu hesabu ya trela. Trela lililopakiwa vizuri hulaza karibu asilimia 10 ya uzito wake kwenye ndoano inayoliunganisha na gari, kwa hiyo trela la kilo 1,500 hukandamiza ndoano kwa kilo 150. Ndoano, hata hivyo, iko nyuma ya ekseli, na gari huwa kama wenzo. Ikiwa umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.085, kama ulivyo kwenye Hilux ya milango minne ya kizazi cha Vigo, na ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, basi ekseli ya nyuma hubeba karibu kilo 208 na ile ya mbele hupungukiwa na kilo 58. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi na taa humulika juu ya miti.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba nalipendelea, ni springi za Old Man Emu za kampuni ya ARB ya Australia, zikifungwa pamoja na shokabsoba zao. Sababu ni moja: springi hizo huchaguliwa kwa uzito ambao gari hubeba siku zote. Mwenye gari lisilobeba kitu na mwenye gari lenye kilo 300 za kudumu hawapewi springi moja. Zaidi ya hayo, ncha za mabamba zina vipande vya kupunguza msuguano, kwa hiyo gari tupu halirukiruki kwenye matuta kama mkokoteni. Springi hizi huliinua gari kidogo, nayo valvu lazima irekebishwe. Usikadirie uzito kwa macho. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa na mzigo wako wa kawaida.

La pili ni raba za Timbren, zinazochukua nafasi ya vizuizi vya raba vilivyo kati ya chesi na ekseli. Gari likiwa tupu hazigusi kitu, kwa hiyo anayevuta trela mara mbili kwa mwezi na siku nyingine akaenda sokoni tu atatosheka nazo.

Mifuko ya hewa naiweka ya tatu, na si kwa hasira pekee. Springi ya mabamba hugawa uzito kwenye chesi kwa sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, ilhali mfuko huukusanya mahali pamoja, na ukiujaza sana huku umevuta trela zito, chesi inaweza kupinda. Ukiichagua, kila mfuko uwe na bomba lake. Yangu ilikuwa imeunganishwa kwa bomba moja, hivyo kwenye kona hewa ilikimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwepesi, na gari likazidi kulala. Tena mifuko hailiongezei gari kiwango cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji.

Shokabsoba mpya peke yake, hata zikiwa za Bilstein, hutuliza mtikisiko lakini hazibebi uzito. Bamba la kuongezwa kutoka kwa springi kuukuu ya lori ni rahisi kwa bei, na gari tupu litakuvunja mgongo.

Linaloniuma hasa ni jinsi tunavyouziwa vitu hivi. Katika maduka matano niliyoingia, hakuna aliyeniuliza ninabeba kilo ngapi, wala aliyekuwa ameandika bei ukutani. Katika duka moja niliulizwa kwanza kama mume wangu yupo, kisha nikatajiwa bei ambayo kaka yangu alipunguziwa shilingi 9,000 alipopiga simu alasiri hiyo hiyo. Aliyeniuzia mifuko ya hewa alibaki na karatasi ya maelekezo, akidai kwamba ni ya mafundi. Nilipoirudia baada ya lile tukio la Sachangwan, niliikuta imekunjwa chini ya kaunta, na ukurasa wake wa pili ulikuwa na mchoro wa valvu ile ile.