Pampu ya dizeli na ya sola kwenye shamba la vitunguu

Pampu ya dizeli hununuliwa kwa bei nafuu, kisha unailipia kila unapomwagilia. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi. Ikipanda, bei ya kitunguu sokoni haipandi nayo. Ongeza oili, na nauli ya bodaboda kufuata dumu la lita 20 mjini.

Ya sola hela yake nyingi inatoka siku ya kwanza: paneli, kidhibiti cha umeme wake, pampu. Baada ya hapo jua ni la bure, na paneli hudumu miaka 20 hadi 25 ukizifuta vumbi. Wingu likitanda maji hupungua, kwa hiyo inua tangi lijae mchana. Betri ghali huzihitaji. Anayemwagilia msimu mzima achukue sola. Wa wiki chache tu kwa mwaka, dizeli bado inamfaa.