Peji yangu ya korosho ilifungwa siku 23: fundi wa laki mbili na kijana wa steshenari wa elfu saba

Naandika hii maana kila wiki lazima anipigie mtu, mama Swaumu peji yangu imefungwa hebu niambie wewe yako ilirudije, nami naanza upya mwanzo mpaka mwisho na chai inapoa. Nikishaandika ntakuwa natuma tu.

Nauza korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara mjini, nakaa Magomeni. Nachukua kwa akina mama wanaobangua kule Newala na Tandahimba, nakaanga mwenyewe, nafungasha robo, nusu na kilo, mzigo unapanda basi la alfajiri na jioni mteja wa Dar anaenda kuchukua stendi. Wateja wangu karibu wote wamenijulia Facebook, hapa nyumbani nani atanunua korosho kwangu wakati ndugu zake wana mikorosho? Kwahiyo peji ndo duka, sina jingine.

Sasa ilikuwa Novemba, msimu umechanganya, minada inaendelea, huku watu wa Dar na Arusha wameshaanza kuulizia za zawadi za Krismasi. Usiku kama saa nne niko jikoni nakaanga, simu ikalia, meseji imeingia inboksi ya peji. Ina nembo, ina jina la timu ya usaidizi sijui ya nini, inasema peji yako imekiuka haki miliki na itafutwa ndani ya saa 24, kama unapinga bonyeza hapa. Mwenzenu moyo ulidunda, mkono mmoja una mwiko mwingine nabonyeza. Ukafunguka ukurasa unafanana vilevile na ule wa kuingilia, nikaweka namba ya simu, nikaweka paswedi, wakaniomba zile tarakimu sita zilizokuja kwa meseji nikaweka nazo. Nikaambiwa asante, ombi lako linashughulikiwa. Nikarudi kwenye korosho zangu, zile za chini zilikuwa zimeshaungua.

Asubuhi simu imenitoa. Nikijaribu kuingia naambiwa akaunti imesimamishwa kwa sababu ya akaunti ya Instagram iliyounganishwa nayo, na hiyo Instagram ina jina la herufi nisizozielewa, sijawahi kuiona maisha yangu. Peji ukiitafuta haipo. Watu wananipigia, mama umehama? Mmoja alishatuma hela ya kilo tatu akadhani nimemkimbia, ilibidi nimpigie video nimuonyeshe korosho zake ziko mezani.

Baadaye sana ndo nilielewa kilichotokea, ngoja nikieleze hapahapa maana wengi hawakijui. Wale wezi wakishapata paswedi wanaingia kwenye akaunti yako, wanaunganisha Instagram yao chafu kwenye kile Kituo cha Akaunti, pale kwenye mipangilio Facebook na Instagram zinapounganishwa, ile Instagram inafungwa kwa uchafu wake na wewe unafungwa nayo, kama umepanda gari moja na mwizi. Na peji yenyewe haikuwa na kosa hata moja. Mimi siku zote nasema peji imefungwa peji imefungwa, kumbe kilichofungwa ni profaili yangu binafsi. Peji ya Facebook haina mlango wake, unaingia kwa kupitia profaili, na kama admini uko peke yako basi profaili ikienda peji imebaki ndani na ufunguo umezama baharini.

Haya tuje kwenye huduma nilizozitumia.

Ya kwanza ni fundi. Sikumtafuta, alinitafuta yeye. Nililalamika tu kwenye grupu la wafanyabiashara, haikupita hata nusu saa watu wawili watatu nisiowajua wakaandika chini, mtafute fulani alinirudishia yangu kwa siku moja. Nikamtafuta. Anaongea vizuri huyo! Anakuita dada, anakupa pole, anakutumia skrini shoti za watu aliowasaidia, anasema ana mtu wake ndani kabisa makao makuu Marekani. Kianzio elfu themanini. Nikatuma. Baada ya siku tatu akasema faili limeonekana ila kulifungua ni laki na ishirini, nikakopa kwa shoga yangu nikatuma. Siku ya tisa akaniomba namba za uthibitisho zitakazoingia kwenye simu na paswedi ya barua pepe yangu.

Hapo ndo akili ilinirudia. Tarakimu sita nilishatoa mara moja na nikaona matokeo yake. Nikamuuliza, mtu wako yuko ndani makao makuu, tarakimu zangu za nini? Akaniblok. Laki mbili yangu ikaishia hapo. Namba yake niliituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, angalau asimalize na mwingine, ila hela sikuiona tena na sikutegemea. Nyota kumpa siwezi, ningekuwa nazo za kumnyang'anya ningemnyang'anya.

Ya pili ni kijana mmoja wa steshenari, ana kibanda cha kutoa kopi na kuprinti mitaa ya sokoni. Nilienda kutoa kopi ya kitambulisho kwa ajili ya mambo mengine kabisa, nikawa nalalamika tu. Akaniambia, "Mama, hebu nione hiyo meseji waliyokuandikia." Nikamuonyesha ile ya Facebook ya kusimamishwa akaunti. Akasoma mpaka mwisho, mimi nilikuwa sijawahi kuisoma mpaka mwisho. Akasema, "Mbona hapa wanakwambia una siku 180 za kukata rufaa, na ni bure? Wewe ulikuwa unalipa nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Siku tisa nimezungushwa na tapeli wakati kitufe cha rufaa kipo palepale chini ya ile meseji.

Akanikalisha kwenye kompyuta yake. Unathibitisha namba ya simu, unaandika yale maherufi yaliyopinda kuonyesha wewe si roboti, halafu unaweka kitambulisho. Na hapa ndo kwenye shida ya sisi wengi. Profaili yangu alinifungulia mtoto wa dada yangu zamani huko, akaandika jina Mama Swaumu Korosho Tamu. Sasa kwenye kadi ya NIDA, kile kitambulisho cha taifa, mimi ni Korosho Tamu? Kijana alicheka mpaka akaegemea printa. Kilichoniokoa ni vitu viwili, picha ya profaili ilikuwa sura yangu kweli na tarehe ya kuzaliwa yule mtoto aliiweka ya kweli, maana wenzangu wengi wamewekewa Januari 1 kwa uvivu wa kutafuta. Kama una picha ya ua au ya mchezaji mpira na tarehe ya kubuni, hapo utajitetea kwa lipi?

Picha ya kwanza ya kitambulisho ilikataliwa baada ya siku mbili, wakasema haisomeki tutume tena. Kweli tulipiga kwa flashi ikawaka katikati ya uso. Tukarudia mlangoni kwenye mwanga wa jua, kadi juu ya karatasi nyeusi, pembe zote nne zinaonekana, flashi imezimwa. Wakataka na video ya sura, geuka kulia, geuka kushoto, tazama juu, wateja wa kopi wamesimama wananiangalia kama nimerukwa na akili. Halafu kusubiri. Hakuna wa kumpigia simu. Kijana alinikataza nisijaribu kuingia ingia kila saa na nisifungue profaili mpya yenye jina lilelile, na ndicho nilichotaka kufanya, maana shoga yangu alishanishauri fungua nyingine tu uanze upya.

Siku ya kumi na mbili asubuhi nikapata barua pepe, akaunti imerudi. Ukijumlisha na zile tisa za tapeli na mbili za picha mbovu ni siku 23. Nililia, sifichi. Huyu kijana alinidai elfu saba kwa kila kitu, skani, bando lake na muda wake wote. Nikampa na korosho nusu kilo. Nyota tano zake, ingawa ana kero moja, anaongea na simu huku anakuhudumia na mara mbili alitaka kutuma fomu ya mtu mwingine badala ya yangu, kwahiyo kaa karibu na skrini uangalie mwenyewe. Na paswedi usimtajie, kaa wewe kwenye kibodi uandike, yeye mwenyewe alinigeuzia kiti akasema andika mama mimi naangalia nje.

Rufaa yenyewe ningeipa nyota tatu. Ni bure na inafanya kazi, ila unasubiri gizani, na katikati ya msimu siku kumi na mbili ni mwaka.

Tulivyoingia, kabla hata ya kuposti nimerudi jamani, kijana alinifanyisha usafi. Kwanza ile Instagram ya watu tukaiondoa kwenye Kituo cha Akaunti. Paswedi mpya, halafu kutoa vifaa vyote vilivyoingia, kulikuwa na simu mbili na kompyuta moja ambazo mimi sizijui. Kwenye peji tukakuta admini mgeni ameshawekwa, tukamfukuza. Kwenye akaunti ya matangazo walikuwa wamejaribu kurusha tangazo la nguo za huko kwao kwa kadi yangu, ile ya mtandaoni ya kwenye simu, bahati kulikuwa na elfu nne tu. Tangu hapo naweka hela siku ya kulipia tangazo, ikibaki naitoa.

Jina nimebadilisha, sasa profaili ina jina langu la NIDA na Korosho Tamu limebaki jina la peji, mahali pake. Ukibadilisha jina angalia spelingi vizuri maana huwezi kubadilisha tena mpaka zipite siku 60.

Admini wa pili nimemuweka mdogo wangu yuko Masasi, ana udhibiti kamili, profaili yake ya jina lake. Hili ningelifanya mapema, siku ile peji ingebaki inaendeshwa na yeye mimi nikihangaika na rufaa. Ila muweke mtu mtakayegombana mkapatana, sio mchumba. Yule mtoto wa dada anayeniandikia tangazo simpi paswedi tena, nimempa ruhusa ya kuposti tu kwa profaili yake.

Uthibitisho wa hatua mbili nimeutoa kwenye meseji nimeuweka kwenye programu ya namba, ile inayotoa tarakimu za kuingilia ndani ya simu yenyewe, maana laini ikipotea au ikisajiliwa na mtu mwingine meseji zinaenda kwake. Zile namba za akiba wanazokupa nimeziandika kwenye karatasi, zipo kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya kiwanja. Na bado tapeli akikupigia ukamsomea namba kwa mdomo wako, hakuna programu itakayokusaidia. Meseji ya kutishia saa 24 ikija tena siibonyezi, naingia mwenyewe kwenye mipangilio, pale kwenye usalama kuna sehemu ya barua pepe walizokutumia karibuni, kama haipo pale na kikasha cha usaidizi hakina kitu, ni ya mwizi.

Kuna na yale makosa yetu wenyewe yanayofungisha peji bila hata mwizi. Nilikuwa naandika korosho zinatibu kisukari, zinaongeza nguvu za kiume, maana zinauza kweli maneno hayo! Nimeyafuta yote, madai ya tiba kwenye matangazo hawayataki. Nilikuwa nakopi tangazo moja nabandika kwenye magrupu arobaini kwa pumzi moja, hiyo kwao ni spamu. Picha za korosho za Google nimeacha, napiga zangu na vidole vyangu vyenye utomvu, wateja wanaziamini zaidi. Video naweka sauti za bure zilizomo humohumo Facebook badala ya wimbo wa msanii. Jirani yangu mmoja yeye alikuwa anauza mabibo makavu vizuri tu, siku akaingiza na pombe yake ya mabibo kwenye peji, pombe hairuhusiwi kuuzwa huko, akapigwa chini, na yeye hana hata wa kumlaumu.

Na namba za wateja sasa ziko kwenye daftari. Nimefungua WhatsApp ya biashara, ile ya kawaida sio ya GB, hiyo ya GB ni ya kuigwa sio ya WhatsApp wenyewe, inafungisha namba. Orodha ya kutuma kwa pamoja inabeba watu 256 na inamfikia tu aliyekusevu, kwahiyo kwenye kila pakiti natia kikaratasi, sevu namba hii upate bei mpya.

Anayetaka kwenda kwa yule kijana anitafute nimuelekeze, siweki namba yake hapa. Nenda na kitambulisho halisi sio kopi, kama kadi ya NIDA haijatoka una namba tu basi beba leseni au kadi ya mpiga kura. Uende asubuhi jua likiwa zuri la kupigia picha, na Ijumaa mchana usijisumbue, anafunga anaenda msikitini na kurudi anarudi anapotaka.